Bi Taratibu na Ukuta wa Mzee Reli

Pale mahakamani walimwita Bi Taratibu, naye aliitika. Jina lilitokana na neno lake mwenyewe. Watu wawili wakianza kupandishiana sauti mezani kwake, aliinua kiganja kidogo tu, kama mtu anayepunguza moto wa jiko, akasema, "Taratibu. Taratibu jamani, tutafika." Makarani wakalidaka neno, wakalifanya jina, na jina likamganda.

Zamani alikuwa wakili, na wala si wakili wa kubahatisha. Alikuwa na sauti ya kujaza ukumbi na kumbukumbu ya kumkera jaji. Alishinda kesi nyingi. Lakini alivyozidi kushinda ndivyo alivyozidi kuona jambo ambalo mawakili wenzake walilichukulia mzaha: wateja wake walitoka mahakamani na ushindi mkononi, nyuso zimewashuka. Aliwahi kumtetea dada mmoja mpaka akapewa nyumba aliyokuwa akigombania na kaka yake. Baada ya miezi alikutana naye dukani, akamuuliza nyumba inaendeleaje. Yule dada akasema, "Ipo. Kubwa mno kwa mtu mmoja." Akalipia sabuni yake, akaondoka bila kuaga.

Haukupita muda mrefu, akavua joho. Akasomea usuluhishi, akapewa chumba mwisho wa korido, jirani na stoo ya viti vibovu. Hapakuwa na kizimba humo wala kiti cha juu. Palikuwa na meza ya duara, ili asiwepo wa kukaa mahali pa mkubwa, jagi la maji, bilauri, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Mlango wa pembeni ulifungukia kachumba kadogo ka viti viwili, na humo ndimo alimomsikiliza kila mtu peke yake.

Kazi aliipenda. Ila ilikuwa na masharti, na masharti yale yalimla kidogo kidogo. Kantini hakuweza kukaa na wakili yeyote, kwa kuwa kesho huyo huyo angekuwa mezani kwake na upande wa pili ungesema, "Si tuliwaona jana wanacheka pamoja?" Kwa hiyo alikula peke yake, mgongo ukutani. Saluni alihama mara mbili, kwani msusi hana siri, na mteja wa kiti cha pili huwezi kujua ana kesi gani. Kadi za harusi alizipokea kwa mikono miwili na kuomba radhi kwa adabu. Zaidi ya yote, lililosemwa chumbani mle halikutoka nje. Hata jaji hakuambiwa. Watu wakishindwana, alimwandikia jaji sentensi moja tu, kwamba wahusika hawakuafikiana, basi. Nani alikaidi, nani alilia, nani alikuwa tayari kusamehe akazuiwa na wakili wake, hayo yote alibaki nayo yeye.

Mumewe alipokuwa hai, mzigo ule ulibebeka. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno ya kuhesabika, na hakumdadisi hata siku moja. Alimtazama tu jinsi anavyoweka mkoba. Ukiwekwa mezani vizuri, aliuliza, "Wamekubaliana?" Ukitupwa kitini, hakuuliza kitu, aliteleka maji ya chai. Kisha mchana mmoja mwalimu alianguka njiani akitoka shuleni, moyo, na kabla hajafikishwa hospitali alikuwa amekwisha kata roho. Mtoto wao wa pekee, wa kiume, alikuwa ameajiriwa nchi ya mbali. Alikuja kwa mazishi, akapanga vitu vya baba yake kwenye makabati, akarudi kazini. Jumapili alikuwa akipiga simu.

"Mama, kazi vipi?"

"Salama, mwanangu."

"Kuna jipya?"

"Hakuna. Huko baridi?"

Huko kulikuwa na baridi au hakukuwa na baridi, na simu ikaisha. Angemwambia nini? Ya kazini hayasemeki. Ya nyumbani hayakuwepo.

Sasa, likaletwa shauri la ukuta.

Wahusika walikuwa majirani wawili, nyumba zao zimepakana ubavu kwa ubavu. Mmoja alikuwa dereva wa treni mstaafu, mtu mrefu wa mifupa mikubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Reli. Wa pili alikuwa mshonaji, mama mnene mwenye vidole vyepesi, asiye na mume wala mtoto, aliyejaza maisha yake kwa nguo za watu wengine. Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja pana, likitazama jiko la Mzee Reli. Kati ya dirisha na jiko palikuwa na kichochoro chembamba kiasi kwamba mtu angeweza kunyoosha mkono akampa mwenzake kikombe. Mzee Reli akaamka siku moja akajenga ukuta katikati ya kichochoro hicho, upande wa ardhi yake, mrefu kupita dirisha. Chumba cha mshonaji kikawa pango. Mshonaji akaenda mahakamani.

Kesi ilikokotwa miaka. Mpima ardhi alikuja na kamba zake akasema ukuta uko halali ndani ya mpaka. Fundi majengo akaja akasema halali au si halali, umeziba mwanga na hewa. Wakili wa kwanza wa mshonaji alistaafu kesi ikiendelea. Mwishowe jaji aliwaambia, "Nikihukumu leo, mmoja wenu kesho atakata rufaa, nanyi mnazeeka. Nendeni mkajaribu usuluhishi. Mkishindwana, mlango wangu uko wazi."

Kikao cha kwanza kilikuwa cha pamoja. Waliketi kuizunguka meza, kila mmoja na wakili wake, na Bi Taratibu akawaeleza kwa lugha nyepesi.

"Mimi si jaji. Sitamwambia mtu ana haki, sitamwambia mtu ana makosa. Mtakachosema humu hakitatumika mahakamani, na mimi mwenyewe siwezi kuitwa kuwa shahidi. Mtu akichoka, ruksa kusimama na kuondoka. Mkikubaliana, tutaandika, mtatia saini, jaji ataidhinisha, na makubaliano yenu yatakuwa na nguvu ileile ya hukumu. Hapo hakuna kurudi nyuma."

Mzee Reli alikuwa amekunja mikono kifuani. "Kwa hiyo wewe huamui?"

"Siamui, mzee."

"Sasa kazi yako hapa ni nini?"

"Kukaa nanyi mpaka msikilizane."

"Mimi nasikia vizuri," akasema. "Nimekaa na honi ya treni maisha yangu yote na masikio yangu haya mazima."

Wakili wa mshonaji akacheka, mshonaji hakucheka. Alipopewa nafasi aliongea kuhusu macho yake, jinsi anavyoshona mchana kwa taa kama mtu aliyeko chini ya ardhi, jinsi alivyowahi kumkabidhi bibi harusi gauni lenye uzi wa rangi nyingine, kisa giza. Mzee Reli akajibu kwa neno moja, wezi. Alijenga kwa sababu ya wezi.

"Wezi gani?" mshonaji akauliza. "Mtaa ule mwizi angeiba nini, mkebe wangu wa vifungo?"

"Wezi ni wezi."

"Mwongo mkubwa wewe. Miaka yote tumekaa, leo ndiyo umeona wezi?"

"Taratibu," Bi Taratibu akasema, kiganja juu. Lakini sauti zilikuwa zimekwisha panda, mawakili nao wakazidaka, na kwa dakika kadhaa kila mtu alisema na hakuna aliyesikia. Akaona ni wakati wa kuwatenganisha.

Alianza na mshonaji kwenye kachumba ka pembeni. Mlango ulipofungwa, yule mama alipwaya, kama nguo iliyotolewa kwenye kiwiliwili cha dukani.

"Nikuulize jambo," Bi Taratibu alisema. "Ukuta ukibomolewa kesho, utakuwa umepata ulichokitaka?"

Mshonaji alifikiri. Akaanza kukunja na kukunjua pindo la mtandio wake.

"Mkewe alikuwa rafiki yangu," akasema. "Marehemu. Asubuhi nikifungua dirisha, yeye yuko jikoni. Tunaongea, mimi nashona, yeye anaosha vyombo. Kila siku ya Mungu. Alipougua nilikuwa naongea peke yangu kwa sauti ili anisikie toka kitandani. Amekufa, nimelia pale matangani mpaka nikashikwa. Halafu huyu bwana, hata udongo wa kaburi haujakauka, kaleta matofali. Hakuniambia neno. Nikajua kuna kosa ananiwekea, na silijui. Labda wakati ule nilikuwa nampigia kelele mgonjwa. Hicho ndicho ninachotaka kujua, mama. Ukuta nimeuzoea. Nataka kujua nilimkosea nini."

"Umewahi kumuuliza?"

"Na ukuta huu, nimuulizie wapi?"

Bi Taratibu akauliza kama anaweza kumwambia mzee maneno yale. Mshonaji akatikisa kichwa kwa nguvu. Asimwambie. Akiambiwa ataona anabembelezwa.

Kisha ikawa zamu ya Mzee Reli. Alikaa na magoti yake marefu yamefika karibu na kifua, akamtaka wakili wake atoke nje avute hewa. Wakili alitoka huku amenuna. Mzee akatazama mlango mpaka ukafungika vizuri.

"Wewe una mume?" akauliza.

Hilo halikuwa swali la kujibiwa pale. Bi Taratibu akasema, "Leo tuzungumze yako, mzee."

"Haya." Akashika magoti yake. "Hakuna wezi. Unajua hilo, na yule mwanamke anajua. Cherehani yake inaanza asubuhi, trrr. Halafu anasema neno, na yeye hana habari, anaongea hata peke yake yule. Sasa mimi niko jikoni na chai yangu. Anasema neno, halafu kunakuwa kimya, na mimi nangoja. Unaelewa? Nangoja mke wangu amjibu. Maisha yote ilikuwa hivyo, huyu anasema, huyu anajibu, nami nawaona wananipigia kelele. Sasa huyu anasema na hakuna anayejibu. Kila asubuhi anakufa upya. Nikasema nitaziba." Alijifuta uso kwa kiganja kizima, kuanzia juu hadi chini. "Hayo usimwambie. Nitaonekana mzee nimechanganyikiwa."

Bi Taratibu hakuandika kitu. Mkono ulikuwa umeishika kalamu na kalamu haikusogea. Maana nyumbani kwake, tangu mwalimu aondoke, kila asubuhi alisimama mlangoni pa bafu bila kujua kwa nini amesimama, mpaka siku moja akagundua kwamba anasubiri akohoe. Mwalimu alikuwa na kikohozi cha asubuhi, kikavu, cha kusafisha koo kabla ya kwenda kuongea na watoto wa watu. Kwa miaka kilimkera. Na sasa mbele yake alikaa mtu wa kwanza duniani ambaye angemwelewa kwa sentensi moja.

Maneno yalimfika kwenye ulimi. Akayameza. Akimwambia, atakuwa amekaa upande wake, na mshonaji aliyeko nyuma ya ukuta mwembamba wa mbao atakuwa ameachwa peke yake na wakili wake. Akamimina maji kwenye bilauri, akamsogezea mzee.

"Ungeweza kuyasema hayo mwenyewe?" akauliza.

"Kwake? Afadhali unipe treni isiyo na breki."

Kikao kikaishia hapo. Alichojua kilikuwa kinatosha kuimaliza kesi mchana uleule. Huyu anadhani amemkosea, yule anadhani ataonekana kichaa, na kila mmoja amemfunga yeye mdomo. Angemwaga mtama angekuwa amewasaidia, na siku ya pili pasingekuwa na mtu wa kumwamini. Alijua mawakili wanaosema usuluhishi ni kazi ya kunywa maji na kutikisa kichwa. Alitamani wangekaa siku moja na siri mbili zinazotafutana, zote ziko kifuani mwako, na huruhusiwi kuzikutanisha.

Jioni ile alirudi nyumbani, akautupa mkoba kitini, akausikia ulivyotua. Akasimama pale sebuleni muda mrefu bila kuvua viatu.

Alichoweza kufanya ni kubadilisha mahali. Aliwapigia mawakili, akapendekeza kikao cha pili kifanyike penyewe, kwenye kichochoro na chumbani. Wa mzee akasema ni kupoteza muda, picha si zimo kwenye faili? Bi Taratibu akasema picha amekwisha ziona, angependa wenyewe waone. Baada ya kuvutana sana wakakubali.

Wakakutana siku ya jua kali. Mtaa mweupe kwa mwanga, na ndani kwa mshonaji giza la saa ya magharibi. Macho yalichukua muda kuzoea. Kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia, nguo zilizoning'inia kama watu waliosimama kusubiri zamu, na mbele ya cherehani dirisha, limefunguliwa wazi mbao zote mbili, likitazama matofali. Hata kidole kingeyagusa.

Mzee Reli alikuwa hajawahi kuuona ukuta wake kutoka upande ule. Alisogea, akainama, akayatazama matofali aliyoyapanga kwa mkono wake, na upande huo hakuwa ameupiga plasta. Saruji ilikuwa imekauka ikiwa imevimba kati ya tofali na tofali kama midomo.

"Mbona unalifungua?" akauliza, bila kugeuka. "Kuna nini cha kuona hapa?"

Mshonaji akamtazama Bi Taratibu, kama anayeuliza kama inafaa kujibu. Bi Taratibu hakumsaidia. Alishusha tu macho.

"Nimezoea," mshonaji akasema. "Marehemu hakupenda nichelewe kufungua. Nikichelewa alikuwa ananigongea na mwiko. Sasa nikilifunga naona kama nimemfungia nje."

Wakili wa mzee alifungua mdomo. Bi Taratibu akainua kiganja, na safari hii hakusema neno. Mdomo ukafungwa.

Mzee Reli aliweka mkono ukutani.

"Nilikuwa nasikia sauti yako," akasema kuyaambia matofali. "Nasikia yako, halafu sisikii yake. Nilidhani nikiziba sitasikia. Nimeziba, na bado nasikia."

"Nilikukosea nini?" mshonaji akauliza.

"Wewe? Hukunikosea kitu."

"Miaka yote hii nimejua nimekukosea."

"Hapana, dada yangu. Hapana." Sauti yake ilikatika katikati kama uzi, na akaketi kwenye stuli ya wateja, jitu zima, magoti juu. Mshonaji alibaki amesimama, kisha akafanya alilozoea kufanya mikono inapokosa kazi: akachukua kitambaa mezani akaanza kukikunja.

Bi Taratibu alitoka uani. Mawakili wakamfuata, wakidhani anataka kusema nao. Hakuwa na la kusema. Alisimama kwenye jua akiwa amewapa mgongo, akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kuandika, na kuandika nako kuna jasho lake, kwani huruma ya leo ikiachwa bila kuwekwa sawasawa huwa ugomvi mpya. Walirudi kwenye meza ya duara. Mzee alisema atabomoa ukuta wote. Mshonaji, kwa mshangao wa wakili wake, akakataa.

"Usibomoe wote. Ukiamka vibaya siku moja utanichukia. Shusha mbele ya dirisha tu."

Wakaafikiana ushushwe mpaka usawa wa kizingiti cha dirisha, kwa upana wake. Mzee aushushe mwenyewe, bila fundi, kwa muda atakaouweza, ilimradi usipite mwisho wa kiangazi. Cherehani isianze kabla mzee hajafungua mlango wa jiko. Na upande wa mshonaji upigwe plasta. Bi Taratibu aliuliza maswali ambayo huyauliza kila mara. Ukiugua kabla ya kiangazi kuisha? Mmoja wenu akiuza nyumba? Mkikorofishana tena, mtaanzia wapi? Hilo la mwisho wakalijibu kwa pamoja, wataanzia dirishani kabla ya kwenda kwa wakili, na wakatazamana kwa aibu kidogo. Akawasomea kila kifungu kwa sauti, neno kwa neno. Wakatia saini, mawakili nao. Jaji aliidhinisha wiki ileile, na kesi iliyokokotwa miaka ikafungwa kwa mhuri.

Makarani walimpongeza Bi Taratibu koridoni. "Umefanyaje?" mmoja akauliza. Akajibu kama siku zote, "Wamefanya wenyewe." Karani akadhani ni unyenyekevu.

Siku chache baadaye mshonaji alikuja mpaka kwenye chumba cha mwisho wa korido. Alikuwa amejipamba, na chini ya kwapa alibeba utepe wake wa kupimia.

"Nimekuja kukuchukua vipimo," akasema. "Nikushonee kitu. Usiniambie hapana. Halafu siku ya mapumziko uje nyumbani tunywe chai, mimi na wewe. Nimekuangalia siku ile uani. Nikasema huyu mama hana mtu."

Bi Taratibu hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimwangalia yeye badala ya kutazamia kitu kwake.

"Dada, nimeshukuru mno," akasema. "Siwezi. Ukuta bado unashushwa. Likitokea la kutokea mkarudi hapa, mzee ataniambia nimevaa gauni lako."

"Tukimaliza kiangazi?"

"Hata hapo. Kuna jirani yako mwingine ana kesi, na mwingine atakuwa nayo mwakani."

Mshonaji aliusokota utepe kwenye vidole, duara dogo dogo mpaka ukawa kama kifungo. "Kazi gani hii mama," akasema kwa upole, "ya kupatanisha watu wote halafu wewe usipatane na mtu?" Hakusema kwa ubaya. Alimshika bega, akatoka, na hatua zake zilisikika korido nzima.

Siku hiyo Bi Taratibu alikuwa na kikao cha mchana, washirika wawili wa kiwanda cha matofali, na walishindwana vibaya. Akaandika sentensi yake moja kwa jaji. Akafunga chumba, akaenda nyumbani, akakaa jikoni akiwa bado na koti mwilini.

Haikuwa Jumapili. Ilikuwa katikati ya juma, saa ambayo kule kwa mwanawe ni saa ya kazi. Alichukua simu, akaiweka, akaichukua tena. Siri za watu hazikuwa zake kuzitoa. Lakini ilimjia, pale pale, kwamba kwa kuzoea kufunga mdomo juu ya za watu alikuwa amezifungia na zake mwenyewe, na hakuna sheria yoyote iliyomwagiza hivyo. Akapiga.

"Mama? Kuna nini? Umeugua?"

"Siumwi. Uko kazini?"

"Niko kazini, ila sema."

"Nilitaka kukwambia kitu kuhusu baba yako." Ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Kwa kazi yake alijua kuvuta maneno ya wengine, ya kwake hayakuwa na mshikio. "Asubuhi huwa nasimama mlangoni pa bafu. Namsubiri akohoe. Mpaka leo. Najua hayupo, na bado nasubiri."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za ofisi, watu, mashine, kisha mlango ukafungwa na kelele zikapungua.

"Mama, mimi nina namba yake," mwanawe akasema. "Nikibadilisha simu, naihamisha. Mara nyingine napiga. Yule mwanamke wa mtandao ananiambia haipatikani."

"Hukuniambia."

"Wewe kila nikikuuliza unasema salama."

Safari hii hakuna aliyetafuta namna ya kuaga. Bi Taratibu akamuuliza huwa anaipiga namba ile saa ngapi. Akamwambia hana saa, ila mara nyingi ni asubuhi akienda kazini. Akamuuliza kama angepokelewa angesema nini. Mwanawe akacheka kidogo, cheko lenye machozi, akasema labda angemuuliza namna ya kuchemsha maharage yasiwe mawe. Kisha mtu akamwita, akasema lazima aende, na atapiga tena.

Hakupiga kesho yake. Alipiga keshokutwa, asubuhi mapema, akiwa njiani, akamkuta mama yake amesimama koridoni mbele ya mlango wa bafu.

"Upo hapo mlangoni?" akauliza.

"Nipo."

"Haya. Tusimame wote kidogo," akasema mwanawe, na Bi Taratibu akasikia nyayo zake kwenye barabara ya mbali zikipunguza mwendo, mpaka zikatulia.